Mshale Usioshuka

Kabla sijaiona ile mashine, niliisikia. Ilikuwa ikipumua nyuma ya mlango wa mbao: pumzi ndefu ya mvuke, kimya, kisha pumzi nyingine, kama mnyama aliyelala akiumwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimevaa gauni la kijani la wahudumu, nimesimama kizingitini. Sista, ndivyo tulivyomwita muuguzi mkuu wa kituo, akanisukuma mgongoni kwa vidole viwili.

"Ingia, mwanangu. Haiumi. Inawaua wanaouma."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi katika kituo kimoja cha afya upande wa Kisarawe. Jina la kituo naliacha. Waliofanya kazi pale wana wajukuu sasa.

Mashine yenyewe ilikuwa mtungi wa chuma ulionifika kifuani. Mfuniko wake ulikazwa kwa skrubu sita juu ya mpira mnene, na chini yalikaa majiko mawili ya mafuta ya taa. Ndani tulipanga vifurushi vya mikasi, koleo, glavu na nguo za upasuaji, kila kimoja kimefungwa kitambaa mara mbili. Mvuke ukizuiliwa hupata joto kuliko maji yanayochemka sufuriani, na joto hilo ndilo linaloua vijidudu. Juu ya mfuniko palikuwa na geji ya kupima msukumo wa mvuke kwa ratili, kitu kama saa yenye mshale mmoja mwekundu. Mshale ukifika ratili kumi na tano, nilihesabu nusu saa, nikazima majiko, nikajaza daftari: tarehe, muda, ratili, jina langu.

Sista alikuwa na sheria moja. "Andika ulichokiona kwa jicho. Ulichokidhani kiache nyumbani kwako."

Nikaishika sheria hiyo miaka mingi. Nikaolewa, nikazaa, na bado mwandiko wangu ulikuwa uleule daftarini. Kisha ikaja miaka ya kupanga foleni ya sabuni, na vipuri navyo vikaadimika. Asubuhi moja nilifungua chumba, mashine baridi kama jiwe la kisimani, mshale umesimama kwenye kumi na tano. Nikaugonga kioo. Haukutikisika.

"Geji imeshaombwa wilayani," Sista alisema. "Wewe tumia saa ya ukutani."

"Na daftarini niandike nini?"

"Si nimekufundisha? Unachokiona."

Nikaandika kumi na tano. Kesho yake kumi na tano. Miezi ikapita, kurasa zikajaa, na hakuna namba hata moja niliyoitunga.

Kilichonitia hofu ni vitambaa. Vilianza kutoka vimelowa, na katikati ya kifurushi palikuwa na uvuguvugu tu. Jumatatu moja nilichukua yai bichi, nikalifunga katikati ya mashuka, nikaliweka mashineni nusu saa nzima. Nilipolipasua ukingoni mwa sinki, lilimwagika. Ute ulikuwa bado maji.

Mpira wa mfuniko ulikuwa umechakaa. Mvuke ulitoroka kabla haujakomaa. Nililiosha sinki haraka. Nilipaswa kwenda kwa Sista palepale. Lakini siku hizo neno hujuma lilikuwa midomoni mwa kila mtu, watu walifungwa kwa hilo, na mimi nilikuwa na daftari zima lenye jina langu likisema mashine ni nzima. Nani angeamini kwamba sikujua? Nikanyamaza. Mikasi na koleo nikavichemsha kwa siri kwenye sufuria. Nguo na glavu sikuwa na la kuzifanyia.

Alhamisi, asubuhi na mapema, aliletwa Mwajuma, mtoto amekaa vibaya tumboni, ikabidi apasuliwe. Mume wake, fundi wa pampu za maji kule Ruvu, alisubiri kwenye benchi karibu na dirisha la chumba changu cha mashine. Daktari alinyoosha mkono. Nami nikampa kifurushi.

Mtoto alitoka mzima. Baada ya siku chache, kidonda cha Mwajuma kilianza kunuka. Alipelekwa Dar es Salaam, akarudi baada ya miezi, hai, lakini kizazi kimetolewa.

Kisha likaja swali la Bunge. Vijana wa leo hamjui lilivyotembea. Mbunge aliuliza kama serikali ina habari kuwa mashine za kuua vijidudu katika wilaya yetu si salama. Wizara ililituma mkoani, mkoa ukalituma wilayani, wilaya ikalituma kwetu, na katika kila ofisi lilipopita watu walishusha sauti. Jibu lilitakiwa lirudi njia hiyohiyo kwa siku chache.

Mganga wa Wilaya alikuja mwenyewe, akafungua daftari, uso ukamng'aa.

"Safi kama kanzu ya Idi! Kumi na tano, kumi na tano. Utakwenda nalo Bungeni, bibie."

Tulipita kwanza Kibaha, ofisi za mkoa, kumchukua Mganga Mkuu wa Mkoa, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Dereva alijitahidi kunichangamsha. "Wakikubakiza, mama, nitamwambia mzee wako nyumbani umepelekwa semina."

"Mwambie na ugali uko kabatini," nilisema.

Mganga Mkuu wa Mkoa hakucheka. "Tutakaa nyuma, mahali pa wataalamu. Waziri akikwama, tunampelekea kikaratasi. Usifungue mdomo kwa lolote."

Waziri alisoma jibu vizuri. Daftari la kituo, alisema, linathibitisha kuwa mashine hufikia ratili zinazotakiwa kila siku. Watu wakagonga meza. Ndipo Mbunge akasimama tena kwa swali la nyongeza.

"Mheshimiwa Spika, ninaye mpiga kura wangu, fundi wa pampu, anayezijua geji. Aliketi nje ya chumba hicho. Ananiomba niulize hivi: majiko yakiwa yamezimwa, mshale huo unasoma ngapi?"

Waziri aligeuka nyuma. Mganga Mkuu wa Mkoa alinisogezea kikaratasi na kalamu.

"Andika kwamba haijapimwa," alininong'oneza.

Nikaishika kalamu. Nikaandika: Kumi na tano.

Alisoma. "Unajua ulichoandika?"

"Nilichokiona, Daktari."

Nilidhani angekichana. Alikikunja, akakipeleka mbele. Waziri alikisoma mara mbili, akavua miwani, akasema mashine hiyo itasimamishwa siku ileile na nyingine zote za mkoa zikaguliwe. Hakuna aliyegonga meza.

Sikufungwa. Nilihamishiwa zahanati ya Soga, kufagia na kupanga foleni ya wagonjwa, na huko nikazeekea kazini. Wakaguzi walifika kituoni, wakapata geji iliyokwama na mpira uliochakaa. Habari ya yai hawakuiuliza, nami sikuitoa. Watu walinisifu: yule mama aliyesema kweli mbele ya Waziri. Kila sifa ilinitia baridi.

Sasa nimestaafu, naishi Maili Moja. Wauguzi vijana hunitembelea, nami huwaambia: zipimeni mashine zenu kwa njia mbili, msiiamini geji peke yake. Hunishukuru na kwenda zao.

Mwezi uliopita alikuja Mwajuma. Mwanawe yule mmoja ameoa, akaleta kadi ya shukrani ya arusi. Tulikunywa chai. Kisha akaweka kikombe chini taratibu.

"Dada, siku zote nimetaka kukuuliza wewe, si wale wakubwa. Ulijua lini?"

Ningeweza kumwambia nilijua Bungeni. Angeamini, nchi nzima iliamini.

"Jumatatu," nilisema. "Nilipika yai, likatoka bichi."

"Jumatatu ipi?"

"Ya wiki ileile yako."

Alihesabu kwa vidole juu ya goti lake, polepole, mpaka akafika Alhamisi. Hakulia. Alijifunga kanga yake upya, akaichukua ile kadi mezani, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.