Mkono Uliokuwa Huru

Nikimkumbuka fundi makochi wa mtaa wetu, harufu ya gundi hunijia kwanza. Tulimwita Kufuli. Jioni alisukuma makochi ukutani, akatandika magodoro yaliyochakaa, akatufundisha mieleka ya chini. Sifa yake ilikuwa kabali ya nyuma: mkono mmoja chini ya kidevu, mwingine ukiufunga kisogoni, na kwa muda mfupi mtu hupotewa na fahamu. Ndiyo maana sheria ilikuwa moja: aliyebanwa hugonga godoro, na mwenzake huachia papo hapo.

"Kugonga si aibu," alituambia daima. "Aibu ni kuzimia kwa kiburi."

Jioni moja bintiye, mshona mapazia, alimpata kwa nyuma. Kabali ikakaa sawasawa.

"Leo Kufuli katiwa kufuli!" kinyozi wa jirani alipiga kelele, nasi tukaangua kicheko.

Mzee hakugonga. Binti alingoja lile kofi la godoroni kama alivyofundishwa, nalo halikuja. Ghafla mwili wa babaye ukalegea. Alimwachia huku akipiga yowe. Tulimwinua miguu, akafumbua macho, na sote tukaona kwamba suruali yake imelowa. Ndipo aliposema, "Mkono wangu ulibanwa. Mtoto huyu hana kipimo."

Binti aliokota viatu vyake, akatoka. Tangu hapo hakukanyaga magodoro yale. Alishona mapazia yake mlango wa pili, akimwamkia baba bila kumtazama, nao majirani wakambandika jina: Mnyonga Mzazi. Kila lilipotajwa, Kufuli aliinamia sponji zake, misumari mdomoni.

Asubuhi moja aliitema ile misumari, akaenda kusimama mlangoni kwa bintiye, kinyozi na wateja wakisikia.

"Mama," alisema, "mkono wangu ulikuwa huru. Niliona haya kukugongea wewe."

Cherehani ikanyamaza.

"Nilijua, Baba. Niliuona."

"Uliuona, ukakubali kuitwa vile?"

"Sasa ningekuvua nguo mara ya pili?"



Jioni ile binti alirudi. Aliketi nyuma ya babaye, akapitisha mkono chini ya kidevu chake, taratibu. Kofi likalia godoroni hata kinyozi akachungulia.

"Lakini sijabana bado, Baba!"

"Hili," alisema mzee bila kuinua uso, "ni la siku ile."