Maji ya Matumbawe na Maji ya Wagonjwa

Juzi nilipanga foleni kwenye zahanati moja ya binafsi huko Temeke, mbele ya tangi la kioo lenye samaki wa baharini na matumbawe. Matumbawe hayo yalikuwaga na rangi kama vitenge. Siku hiyo yamepauka kama mifupa. Fundi wa tangi, dada mmoja mwenye kipima maji, alichovya, akasoma, akachovya tena.

"Nani kabadilisha maji?"

"Mie," alisema msimamizi wa zahanati kwa fahari. "Wewe kila wiki unataka maji yaliyochujwa na chumvi maalumu. Kisima chetu kina chumvi tangu kichimbwe. Ya nini kununua nyingine?"

Dada alivua glavu taratibu, kidole kwa kidole. "Bosi, kisima chako kimeingiliwa na vyoo vya mtaa mzima. Maji haya hayamfai kiumbe hai yeyote."

Mama aliyekaa kando yangu ndiyo kwanza amemeza kidonge. Alishusha kikombe, akalitazama jagi la wagonjwa pale mezani.

"Baba, na haya mmeyatoa wapi?"

Msimamizi alikohoa. "Ni hayo hayo, mama. Ila nyie mmeshazoea."

Kesho yake nilirudi kuchukua majibu. Madumu sita ya maji yaliyochujwa yalikuwa yamefika, kila moja limebandikwa karatasi: YA SAMAKI. WAGONJWA MSIGUSE.

Sikulalamika. Tumbawe likifa, lazima wanunue jingine. Sie tunajileta wenyewe.