Cresensia na Taa Nyekundu

Cresensia alifagia chumba cha eksirei miaka ishirini na miwili. Shule aliishia darasa la pili, basi. Lakini ile taa nyekundu juu ya mlango aliijua kuliko alivyojua herufi. Ikiwaka, haingii mtu. Mwenye mimba ndiyo kabisa, hata awe mke wa nani. Siku moja mke wa mkubwa fulani alitaka kupita kwa nguvu na tumbo lake. Cresensia akaketi chini mlangoni, akamwambia, "Haya, niruke." Hakuruka. Alipostaafu akarudi shambani kwake, nje kidogo ya mji wa Karatu, akadhani mlango ule ameachana nao.

Sasa mjukuu wake Judith karudi likizo kutoka ng'ambo anakosoma, mimba ya miezi sita. Kazi yake, alisema, ni kuchungulia nyota zilizokufa zenye sumaku ya kutisha, zinaitwa magnetari, kwa darubini iliyorushwa juu angani.

"Darubini ya namna gani?"

"Ya eksirei, bibi."

Cresensia akaacha kupembua maharage. Wanawe wawili aliwazika kabla hawajapewa majina, na huyu wa Judith ndiye kitukuu wake wa kwanza.

Jumanne, saa nane mchana, ukungu ungali umeng'ang'ania msitu wa Ngorongoro, simu ya Judith ikalia. Judith akafungua kompyuta mezani. Katikati ya kioo doa jekundu likawaka, likazimika, likawaka.

"Nyota imeamka," Judith alisema. "Ilikuwa kimya miaka tisa."

Cresensia alimshika mkono akamtoa nje kama mbuzi aliyekutwa kwenye mahindi, akafunga mlango, ufunguo akautia kifuani.

"Bibi, niko zamu. Nisipowaandikia wenzangu sasa waigeuze ile darubini kubwa, itatulia hatujaiona vizuri."

"Itulie."

"Kompyuta haitoi mionzi. Hata darubini haitoi, inapokea tu, kama jicho."

"Anayetoa ni nani?"

"Nyota yenyewe."

"Iko wapi?"

"Mbali mno. Mionzi hii imeondoka huko kabla hajatokea mtu wa kulima Karatu."

"Na imefika."

"Imefika."

"Basi haichoki hiyo."

Judith akacheka, peke yake. Akaeleza kwamba hewa huizuia yote huko juu, chini haifiki, ndiyo maana darubini ikapelekwa angani. Cresensia akamkazia macho, vile alivyokuwa akiwakazia waliosema hawana mimba.

"Haijawahi kutugusa? Hata siku moja?"

Kudanganya Judith hakujua tangu mdogo.

"Mara moja. Mwaka elfu mbili na nne, siku mbili baada ya Krismasi. Nyota nyingine kama hii ililipuka kwa mwako mkubwa, hewa ya juu kabisa ikavurugika. Huku chini hakuna aliyesikia kitu."

Krismasi ile Judith alikuwa na miaka sita, anashinda nje kichwa wazi. Na taa haikuwaka popote. Cresensia akaketi kizingitini.

"Na wa kuizuia ni nani?"

"Hakuna, bibi. Sisi tunaitazama tu. Na leo zamu ni yangu. Nikikosa, kiti kiko wazi."

Hapo akamgusa penyewe. Miaka ishirini na miwili Cresensia hakuacha mlango wazi, hata alipotetemeka kwa malaria. Akautoa ufunguo.

Lakini akaingia naye. Akavuta kigoda, akajibana katikati ya meza na tumbo la Judith, mgongo kauelekeza kwenye kompyuta, viganja viwili juu ya mimba. Ikabidi Judith amzungushie mikono ndipo aandike.

"Umenibana, bibi."

"Banika hivyo hivyo. Andika."

Vidole vikaanza kugonga nyuma yake. Mgongo ukamsisimka, kama kuna mtu anayemtazama kutoka mbali sana. Akaikumbuka sauti ya mpiga picha wa eksirei iliyokuwa ikipenya ule mlango kila siku: vuta pumzi, ishikilie. Cresensia akavuta pumzi, akaishikilia, akingoja mtu amwambie aiachie.