Pipa la Mkunga wa Katumba

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu ilikuwa Jumamosi, asubuhi. Naikumbuka leo kwa sababu yako, mwanangu. Jana ulinipeleka bafuni kwako ukanionyesha ile hita ya maji, kutu imeila chini, inatiririka ukutani, ukasema, "Baba, wewe ni fundi, izibe tu." Sikukujibu. Labda ulidhani sijasikia. Kaa basi nikujibu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nachomelea vyuma mjini, pale Makanyagio, chini ya Mzee Gervas, Mfipa mmoja asiyependa maneno mengi. Kazi niliijua, tena nilijua kwamba naijua. Hilo la pili ndilo lililoniponza. Mama yangu, bibi yako, alikaa kijijini Katumba. Alikuwa mkunga. Wanawake wa kijiji walijifungulia mikononi mwake, na kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto, tena si siku moja. Kwa hiyo nyuma ya nyumba alikuwa na pipa la chuma lililojengewa matofali, moto chini, koki ubavuni. Marehemu babu yako ndiye aliyelijenga, na lilikuwa limezeeka. Kila nilipokwenda, Mama aliniambia, "Ezekieli, pipa linatoa machozi. Nitengenezee jingine."

Nikamwahidi. Nikatafuta shiti nzuri ya chuma, nene, nikaiegemeza ukutani pale karakana.

Ndipo akaja mwenye duka mmoja, anataka geti la haraka, lenye maua na simba wawili. Chuma kilikuwa kimeadimika mjini. Nikaitazama shiti ile. Nikawaza: geti litasimama barabarani, kila apitaye atauliza limetengenezwa na nani. Pipa litakaa Katumba nyuma ya nyumba, litatazamwa na kuku. Sikuwaza zaidi ya hapo, mwanangu. Nikaikata shiti ya Mama.

Pipa nikalifuata kwa baiskeli, nikalileta nilitie kiraka. Mzee Gervas alinikuta nimelipindua. Akachukua nyundo ndogo, akagonga kitako mara mbili tatu, na kila alipogonga kutu ikadondoka kama pumba.

"Unachomelea wapi hapa?"

"Kwenye tundu, Mzee. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Huo ni ufa wa ukuta uliosimama. Hiki kitako kimekwisha. Kiraka chako kitakuwa kizima, ila chuma kinachokishika kitachanika. Shiti ya mama yako iko wapi?"

Nikajifanya napangusa kutu. Akaligeukia geti, akaelewa.

"Na anayepiga magoti mbele ya moto wa pipa hili ni nani? Huyo mwenye duka?"

Nilimcheka. Mbele ya mafundi wenzangu nilimcheka mkubwa wangu, nikasema cheche zimemharibu macho, haoni tena kazi nzuri. Aliirudisha nyundo mahali pake, akaondoka.

Kiraka kilitoka laini kabisa. Nikampelekea Mama pipa lake, nimelipaka rangi juu ya kutu. Akauliza, "Ni jipya?"

Nikasema, "Ni kama jipya, Mama."

Lilidumu wiki tatu. Jumamosi hiyo nilikuwa Katumba, nimekaa uani mbele, namsimulia jirani habari za geti langu. Alfajiri Mama alikuwa amemzalisha mwanamke wa nyumba ya pili, akaenda nyuma kuchochea moto. Alikuwa amepiga magoti, mikono yote miwili ndani, anasukuma kuni. Kitako kikaachia. Maji yote yakayaangukia makaa, mvuke na majivu ya moto vikamtokea kwa mbele. Nilisikia mlio mmoja mzito, kisha sauti yake ikiniita kwa jina. Hakumwita jirani. Aliniita mimi, akidhani nitamsaidia.

Alipona, kama kule ni kupona. Vidole vilijikunja vikagandana. Mzee Gervas alikuja hospitali kumjulia hali, akaketi, akaondoka bila kuniambia "nilikwambia". Ingekuwa heri angesema. Baadaye alimjengea pipa jipya kwa mikono yake mwenyewe, lakini wazazi walikuwa wamekwisha kwenda kwa mkunga mwingine.

Wewe ulipozaliwa, bibi yako hakukupokea. Alikaa pembeni, mikono ameificha ndani ya kitenge, akimtazama mwanamke mwingine akikuosha. Nyie watoto mliambiwa bibi alipata ajali. Haikuwa ajali. Nilimpigia magoti nikamwomba msamaha. Akasema, "Nimekusamehe. Ila uliniambia ni kama jipya." Hakuongeza neno, si siku ile, wala mpaka tulipomzika.

Sasa, hita yako. Ingekuwa imeharibika koki, au mpira wa kuzuia maji, au waya, ningekutengenezea leo hii, maana kutupa kitu kizima nako ni ujinga. Lakini mwili wenyewe ukishaliwa na kutu, mwanangu, hakuna fundi. Aliyepo ni mtu wa kukudanganya, hata akiwa baba yako. Ing'oe. Kama mpya haijapatikana, mke wako achemshe maji kwenye sufuria, hakuna aibu. Na ukitaka kuamua juu ya kitu chochote cha nyumba yako, usiulize nani atakiona. Uliza nani atasimama karibu nacho. Mkubwa wako akikuambia kimekwisha, usimcheke. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo. Mimi sikuvunjika kitu. Aliyeumia ni mwingine, na hilo ndilo chungu zaidi.

Mungu akupe masikio ambayo mimi sikuwa nayo. Awalinde wote walio chini ya paa lako, wazeeke na viungo vyao vyote, na wakikuuliza neno, uwe na jibu la kweli la kuwapa. Amina.