Mama Uji Anafundisha Nomino

Tuanze na ukweli usiopendeza. Pale Somanda, Bariadi, kuna shule moja ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza, na kwa miaka miwili mtu aliyejua kueleza nomino vizuri kuliko wote mle ndani alikuwa anakoroga uji. Mwalimu mkuu hamfikii. Wale vijana wa shahada wanaokaa mwezi mmoja wakahama, ndiyo kabisa. Mpishi. Anaitwa Nyanjige Mabula, watoto wanamwita Mama Uji, na shule yake iliishia darasa la saba.

Nyanjige kakulia Kasoli, kwenye pamba. Mtoto wa Kasoli anajua kuchambua kabla hajajua kusoma. Wakati wa kuvuna unatembea na mifuko miwili: huku unatia pamba safi, huku unatia fifi, ile yenye madoa na takataka za majani. Ukichanganya, siku ya kuuza mzigo wote unaonekana fifi, na nyumbani utasemwa mpaka msimu mwingine. Kwa hiyo mkono wake unachagua wenyewe, kichwa kinakuja nyuma.

Siku moja binti yake Flora, aliyekuwa darasa la tatu hapo hapo shuleni, alirudi nyumbani kanuna. Daftari limejaa kalamu nyekundu.

"Nauni zina aina tano, mama. Zinanichanganya."

"Nisomee."

Flora akasoma, akatafsiri kwa kukwamakwama: jina la pekee, la kawaida, la kundi, la kitu kinachotengeneza kingine, la jambo usiloliona.

"Hebu rudia hizo tano."

Flora akarudia. Nyanjige akacheka. "Sasa hapo kinachokuliza ni nini? Si kuchambua tu huko?"

Akaleta viroba vitano vitupu vya unga, akavipanga sakafuni. Cha kwanza, majina ya pekee: akatupia kadi yake ya mpiga kura na picha ya Flora ya ubatizo. Cha pili, vitu vya kawaida: mwiko, kikombe, ndala moja. Cha tatu, makundi: shada la funguo, picha ya kwaya ya kigango. Cha nne, vitu kama chumvi, unga, pamba, vile vinavyotengeneza vingine. Cha tano akakifunga kamba kikiwa kitupu.

"Na hicho?" Flora akauliza.

"Humo mna njaa. Mna hasira. Mna usingizi wako wa asubuhi. Fungua uone kama utavikuta."

Flora hakulia tena kwa sababu ya nomino. Aliyenogewa sasa ni mama. Kila jioni daftari la mtoto likifungwa, yeye analifungua. Jikoni shuleni akawa anaandika maneno ya Kiingereza ukutani kwa mkaa, na mwalimu wa Kiingereza, Wilbroad, akiingia kufuata uji wake anasoma na kucheka.

"Mama Flora, hapa umeacha herufi."

"Iweke basi, mwalimu. Mkaa huo hapo. Unachekea nini?"

Wilbroad akawa anaiweka. Baadaye akawa anakaa kabisa, anamtamkisha, anamsahihisha, anakula ukoko. Hakumdai kitu. Walimu wa namna hiyo wapo, tatizo hawaandikwi.

Mwaka wa pili Nyanjige akaleta sheria yake kwenye foleni ya uji. Hupati kikombe bila kutaja nomino na aina yake.

"Spoon!" mtoto anapiga kelele.

"Kiroba gani?"

"Cha pili!"

"Chukua. Wewe?"

"Spoon!"

"Spoon ameshaila mwenzako. Nenda nyuma ya foleni ukafikirie."

Watoto waliipenda balaa. Wazazi wakasikia, na unajua wazazi wa shule za ada. Wawili wakaja ofisini wamevimba: tunalipa ili mtoto afundishwe na mpishi? Mwenye shule, Madam Mwatima, mama wa Tanga aliyekuja Bariadi kumfuata mumewe mtumishi wa serikali, akaona aibu. Wiki hiyo hiyo Wilbroad akapata ajira ya serikali, akapangiwa Migato. Alipokuwa anaaga akamwambia Mwatima: darasa la pili mpe Mama Uji awe msaidizi. Mwatima alidhani anataniwa.

Wakaja waombaji watatu wenye diploma. Kila mmoja akapewa somo moja la majaribio, mada nomino. Wote wakaandika ubao mzima, wakageuka, wakawaambia watoto wanakili. Watoto wakanakili huku wanasinzia.

Ndipo Mwatima akaenda jikoni.

"Nyanjige, nakupa kipindi kimoja tu. Ijumaa, mimi nitakaa nyuma. Ukiweza, unaingia darasa la pili kama msaidizi, na nitakusaidia ujiandikishe kwenye mtihani wa watu wazima upate cheti. Usipoweza, unabaki na sufuria lako, na hayo mambo ya nomino kwenye foleni yanakwisha kabisa. Nisisikie tena. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Kwa hiyo siku ile Nyanjige alikuwa na mawili: darasa, au kufunga mdomo moja kwa moja. Alhamisi hakula.

Ijumaa akaingia na viroba vyake vitano na gauni la kanisani. Mwanzoni aliisahau hata salamu. Kisha mkono ukagusa kiroba, na mkono wa Kasoli ukafanya kazi yake. Akamwaga vitu vyote sakafuni, akawaambia watoto wachambue. Darasa likawa kama gulio. Mmoja anang'ang'ania chumvi, mwingine anabishana kuhusu ndala. Kiingereza chake kilikuwa kifupi, kimenyooka, hakina mapambo. Alipofika kiroba cha tano, akakiinua kikiwa kimefungwa.

"What is inside?"

"Nothing, Madam!"

"Hunger," akasema. "You see it?"

"No!"

"You know it?"

Wakakitazama kiroba. Halafu mtoto mmoja wa nyuma, taratibu: "Yes, Madam." Na wengine wakaitikia. Nyanjige akakitua kiroba polepole, kama kina mzigo kweli.

Mwatima pale nyuma alishaacha kuandika. Lakini alikuwa bado na swali la mwisho, lile alilowauliza wote watatu, kuhusu nomino zinazohesabika. Akauliza kwa Kiingereza, kwa nia njema kabisa, swali jepesi la kumalizia:

"Madam Nyanjige, how many children do you have?"

Una watoto wangapi. Nusu ya watoto wale wametoka kwenye nyumba za Kisukuma, wanajua kwamba ng'ombe wa mtu na watoto wa mtu haviulizwi idadi. Unauliza wazima? Basi, inatosha. Kutaja namba ni kuwaita wabaya waje kupunguza. Mwatima wa Tanga hakulijua hilo, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Nyanjige aliwahi kuitaja mara moja. Mwaka wa sensa, karani alikuja Kasoli na kishikwambi chake, kijana mpole, akauliza, naye akajibu: wanne. Kabla mvua hazijaisha, malaria ikamchukua Paschal, wa mwisho, miaka mitatu. Wakamzika nyuma ya nyumba ya babu yake. Sasa, malaria haifanyi kazi na takwimu, kila mwenye akili anajua, na Nyanjige ana akili kuliko wengi wetu. Lakini nenda kamwambie mama aliyezika. Tangu siku ile hajaitaja namba kwa mtu yeyote.

Akasimama pale mbele, kiroba kiko miguuni. Angeweza kusema neno moja tu. Three. Au four. Neno la Kiingereza la chekechea, na kazi ni yake.

Mwatima akadhani Kiingereza kimegoma. Akamsaidia, kwa Kiswahili: "Umekwama? Nimeuliza una watoto wangapi."

"Sijakwama, mama. Nimekuelewa tangu mwanzo. Kwetu swali hilo halijibiwi."

Watoto wakatazamana. Mtoto mmoja, Mayala, akanong'ona kwa Kisukuma, "Gete," yaani kweli kabisa, na wenzake wakajibana wasicheke.

Nyanjige akawageukia. Akawaambia kwa kile Kiingereza chake kifupi kwamba children ni nomino, inahesabika, na kwenye mtihani waandike hivyo hivyo, asikosee mtu. "But me," akasema, "I say names."

Akaanza. "Flora." Akapumzika. "Mhoja." Akapumzika. "Luhaga." Hapo akakaa muda mrefu mpaka Mwatima akadhani amemaliza. "Paschal."

"Na huyo Paschal," Mwatima akauliza, kwa sauti ya chini sasa, "yuko darasa la ngapi?"

"Hasomi, mama. Yuko Kasoli. Amelala."

Mwatima akainamisha kichwa. Akasema pole, mara moja. Akafunga daftari akatoka.

Nyanjige akajua kazi ameikosa. Akakusanya vitu vyake, akarudi jikoni, akawasha moto, maana saa nne watoto wanataka uji hata kama mpishi ana huzuni. Mwatima akamkuta anapuliza kuni.

"Swali langu hukulijibu."

"Sikulijibu, mama."

"Wale watatu walinijibu kila kitu, na watoto wakalala. Jumatatu uje na viatu vya kufunga, darasani hatuvai ndala."

"Na uji?"

"Uji utapata mtu. Koroga wa leo, unaungua huo."

Hivyo ndivyo Nyanjige alivyoingia darasa la pili. Kuna wazazi bado wananuna, na mitihani ya watu wazima inamsumbua, hasa hesabu, acheni kumcheka. Lakini ukipita asubuhi utamsikia anaita mahudhurio, jina kwa jina, anasubiri kila mmoja aitike, anamwangalia usoni kabla hajaenda kwa mwingine. Inachukua muda mrefu kuliko madarasa mengine yote. Chini ya ukurasa kuna kisanduku cha jumla, lazima kijazwe, ni utaratibu. Hakigusi. Anaufunga ukurasa, anampa kiranja apeleke ofisini, na Madam Mwatima mwenyewe, kila siku ya Mungu, anavaa miwani, anasonya, anahesabu majina kwa ncha ya kalamu na kuijaza namba.