Mgonjwa Nyuma ya Blanketi

Duka lile lilikuwa la Mgiriki kabla serikali haijawanyang'anya wageni maduka yao na kuwagawia wananchi. Mwananchi aliyepewa hilo alikuwa mtu mwema, mnene, mwenye kuvaa abakosi, lile koti la serikali lisilo na tai, hata jua la saa sita, na nusu ya vitu alivyorithi hakuvielewa. Misumari na rangi alivielewa. Kasuku wa vizimbani aliwaelewa pia, kwa kuwa kasuku ni ndege wetu. Kilichomshinda ni sanduku la kioo katika chumba cha nyuma, lenye samaki wadogo wa mstari wa buluu ubavuni. Mgiriki alikuwa akiwaleta kwa ndege kutoka Kinshasa na kuwauzia Wazungu wenzake. Wazungu waliondoka, samaki wakabaki.

"Sitwayen mwalimu, hawa ni samaki ya Ulaya," aliniambia, maana siku zile kila mwananchi aliitwa sitwayen. "Hawa si ya kula. Ni ya kuangalia tu."

Nilikuwa nafundisha sayansi katika sekondari, na nilijua Ulaya hawakupata kuiona. Walivuliwa katika kijito fulani cha mto wetu huu huu, wakapandishwa ndege, wakashushwa na kuuzwa katika mji wetu wa Kindu, ambao mto wenyewe, Lualaba, unaupitia katikati. Nilicheka. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu jana yake, na hakikufika mbali.

Jana yake niliitwa misheni, kwenye foni, ile redio ya kupelekeana habari. Mke wangu alikuwa amekwenda kwao, milimani Kivu, kujifungua kwa mama yake kama ilivyo desturi ya mimba ya kwanza. Mtoto alizaliwa, wa kiume, na mtaa mzima ulinipongeza. Sasa sauti yenye mikwaruzo iliniambia kwamba mtoto amefariki, amekwisha kuzikwa, na mama yake ni mzima ila hataki kusafiri bado. Nilijibu kwamba nimesikia. Nikatoka nje. Njiani mtu akaniuliza, "Mama na mutoto, habari yao?" Nikamjibu, "Wako muzuri." Nilipokwisha kulisema mara moja, la pili likawa rahisi, na baada ya hapo sikuweza tena kusema jingine.

Ningesema nini? Matanga ya mtoto ambaye sikupata kumwona, matanga yasiyo na maiti, wala kaburi, wala mama wa kulia? Kindu nilikuwa mgeni, sina shangazi wala binamu wa kukaa naye mkekani. Niliwaona akilini majirani wakiwasha moto wa matanga uani kwangu na kunitazama usoni, na nilichukia hata kuwaza. Kifo kile nilikiona mali yangu peke yangu. Basi nikanunua samaki, pamoja na sanduku lao. Sina maelezo bora kuliko hayo: nilitaka kiwepo kitu kinachopumua ndani ya nyumba.

Niliishi mtaa wa Mikelenge, katika nyumba ya matofali yenye vyumba viwili. Kati yangu na jirani kulikuwa na ua wa miti tu. Jirani huyo alikuwa bibi wa Kiislamu, mjukuu wa watu waliofika na misafara ya pwani, na Kiswahili chake cha Kindu alikitunza kama wengine wanavyotunza vyombo vya harusi. Changu cha milimani kilimchekesha. "Mwalimu," alikuwa akiniambia, "unasema sawasawa na mutu anayebeba muzigo." Tulitaniana hivyo juu ya ua kila asubuhi. Tangu siku ya foni nilikuwa namsalimia huku natembea, na akiniuliza habari za nyumbani namjibu, "Wako muzuri."

Samaki walionyesha ugonjwa wao mapema. Kwanza walijisugua kwenye mawe, kisha wakatokwa na vitone vyeupe mwili mzima, mtu angedhani wamenyunyiziwa unga wa sembe. Mapezi yakajikunja. Nikarudi dukani na hasira zangu zote.

"Umeniuzia wagonjwa!"

Mwenye duka alifungua mikono. "Sitwayen, mimi niliwakuta vile. Nilifikiri njo rangi yao."

Ungemfanya nini mtu kama huyo? Alikuwa akiwalisha unga wa muhogo, na kwa ukarimu, hata maji ya sanduku lao yalikuwa yamefanana na maji ya kuloweka mihogo. Akanipa kipande cha sabuni kama pole. Nilikwenda nacho nyumbani.

Ugonjwa wenyewe niliufahamu kidogo: kuna kidudu kinachojichimbia chini ya ngozi ya samaki, nacho hakipendi chumvi wala joto. Nilitia chumvi. Niliweka taa ya mafuta karibu kabisa na kioo, ikawaka usiku na mchana, na dirishani nikatundika blanketi ili upepo usiingie. Maji niliyachota mtoni, nikayaacha yatulie ndani ya ndoo, kisha nikayabadilisha kikombe kwa kikombe ili samaki wasishtuke. Mke wangu angeniona angesema nimerogwa.

Hata hivyo walikufa, leo mmoja, kesho mwingine. Kila asubuhi nilianza kumtafuta mdogo wao, ambaye mkia wake ulikuwa umeliwa upande. Nikimwona bado anasukuma maji, ndipo nilipoweza kunywa chai. Nilianza kuzungumza naye. Nilimkataza kufa, kwa sauti kali ile ile niliyoitumia darasani. Mimi, mwalimu wa sayansi, niliamini kabisa kwamba samaki huyu akifa nami nimekwisha, na niliogopa.

Jumamosi ilipofika ikawa salongo, ile kazi ya lazima ambayo mtaa mzima ulitoka kufyeka majani na kuzibua mitaro. Asubuhi ile mdogo alikuwa amelala ubavu, mdomo unafunguka na kufungika juu juu ya maji. Mkubwa wa mtaa akapita na filimbi yake, akagonga mlango.

"Mwalimu, salongo!"

Nilifungua kidogo, nikasimama mlangoni. "Leo siwezi. Niko na mugonjwa ndani."

Sikutaka kumdanganya. Ndivyo ilivyokuwa: ndani mlikuwa na mgonjwa. Akatazama blanketi la dirishani, akatazama mwanga wa taa mchana kweupe, akavua kofia.

"Mugonjwa kwanza," akasema taratibu, akaondoka bila kupiga filimbi.

Kwetu kule mgonjwa haachwi. Awe wa ndugu au wa mgeni, mtu huenda kumwangalia, haendi mikono mitupu, na akifika haharakishi kuondoka. Nililijua hilo tangu utotoni, ila siku ile nilisahau. Jua lilipoanza kuinama nikasikia hodi, na kabla sijaitika bibi jirani alikuwa amekwisha kuingia, na wanawake wengine wa mtaani nyuma yake. Mmoja alikuwa na chupa ya mafuta ya mawese, mwingine kitenge kilichokunjwa vizuri. Bibi alikuwa ameshika bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Unaweka blanketi ku dirisha, taa inawaka muchana, unafikiri sisi ni vipofu?" alinigombeza. "Mama wa mutoto alifika lini? Leta mutoto nimuone. Nimeleta uji, ni laini, sukari kidogo tu."

Wakasogea ndani wakimtafuta mtoto kwa macho. Wakaona kitanda kitupu. Wakaona taa, na nyuma ya taa lile sanduku, na ndani yake samaki mmoja wa mkia mbovu akihangaika.

"Mugonjwa iko wapi?" mwenye kitenge akauliza.

Nikaonyesha kwa kidole. Mmoja akaanza kucheka, wakamfuata wote, wakicheka hadi wakashikana mabega. Nami nilitaka kucheka, maana kwa kweli lilikuwa jambo la kuchekesha. Nikafungua mdomo. Kilichotoka hakikuwa kicheko.

Bibi alikuwa wa kwanza kunyamaza. Akaliweka bakuli mezani, karibu na taa. "Mwalimu. Mutoto iko wapi?"

"Alikufa," nikasema. "Alizikwa huko kwao. Hata sikumuona."

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Nilidhani atanigombeza tena kwa yale "wako muzuri" yote niliyompa juu ya ua. Akasema tu, "Mficha maradhi, kilio humuumbua," kisha akafungua kitambaa chake cha kichwa, akaketi chini sakafuni na kuanza kulia. Wenzake wakaketi pia. Walilia kwa sauti, kana kwamba mtoto alifia mikononi mwao, na mimi nikalia pamoja nao, tena vibaya, bila mpango, mpaka nikaishiwa pumzi.

Wanaume wakafika kutoka salongo na majembe yao, mkubwa wa mtaa mbele. Mikeka ikatandikwa uani, moto ukawashwa. Yote niliyoyachukia kwa kuyawaza yalikuja, na hakuna aliyenitazama usoni kwa muda mrefu. Taa ya samaki ilikwisha mafuta, hakuna aliyekumbuka kuitia, hata mimi. Mdogo alikufa saa hizo hizo.

Bibi akaniuliza jina la mtoto. Lilikuwa jina la marehemu baba yangu. Tulilichagua na mke wangu kabla hajapanda lori, na tangu siku ile ya foni sikuwa nimelitamka. Nikalitamka. Akalirudia, wanawake wakalipokea, likazunguka uani katika vinywa vya watu ambao kesho yake wangelikumbuka.

Kisha akaingia ndani, akarudi na lile bakuli la uji, akaniwekea mikononi. Hakuniita Mwalimu. Aliniita Baba, akafuatisha jina la mwanangu, kama walivyoitwa wazazi wote wa mtaa ule.

"Kunywa," akasema.

Uji ulikuwa umekwisha kupoa, na sukari ilikuwa kidogo tu. Nikaunywa wote.