Kompyuta ya Nyumbani kwa Cherehani

Mtaani wanamwita Fundi Cherehani, na hakosi mtu wa kumletea suruali ya kupunguza. Huwarudisha kwa upole, maana yeye ni fundi wa kompyuta. Jina alipachikwa shuleni na mwalimu wa hesabu, aliyechoshwa na goti lake la kulia lililokuwa likipiga chini ya dawati kutwa nzima, tu-tu-tu-tu, kama mshonaji aliyechelewesha nguo za harusi. Mwalimu alistaafu, dawati likaliwa na mchwa, goti halijapumzika.

Ni mtu asiyetulia. Chai huinywa amesimama, ikiwa bado inafuka, kisha huilaumu chai. Chuo kikuu alikiacha mwaka wa pili, na wala hakufeli. Kuketi ndiko kulikomshinda. Aliona watu wazima mia mbili wamekaa saa mbili nzima wakimsikiliza mtu anayewasomea kwa sauti kitabu ambacho wenyewe wanacho mkononi, akaaga, akaenda kununua bisibisi. Wenzake waliobaki wana vyeti vizuri sana, vimetiwa fremu, na kompyuta zao zikigoma wanamletea yeye.

Aibu yake ilikuwa moja, nayo ilikaa sebuleni. Kompyuta ya mezani ya nyumbani kwake ilikuwa na tabia ya kujizima na kujiwasha upya katikati ya kazi, bila sababu wala salamu. Kila siku alisema ataitazama kesho.

Mkewe hakuwa na kesho nyingi. Alikuwa karani wa kumbukumbu hospitalini kwa miaka kumi na mmoja, mpaka hospitali ikapunguza watu, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Sasa amepata kampuni inayotafuta watu wa kuchapa, wakiwa majumbani mwao, maelezo ya madaktari yaliyorekodiwa. Kulikuwa na mtihani wa kufanya kwenye mashine yake mwenyewe: Jumamosi saa nne asubuhi, dakika sitini mfululizo. Mashine ikikatika, mtihani umekwisha, na harudii mtu.

"Dakika sitini," alimwambia mumewe Jumatatu. "Hii yako jioni haijawahi kufika arobaini."

"Niachie mimi."

"Nimekuachia tangu mwezi uliopita, baba."

Dukani kwake, ukutani, fundi amebandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: BADILISHA KITU KIMOJA, NGOJA, TAZAMA. Huwasomea wateja wenye haraka, kwa sauti ya mahubiri. Jioni ile nyumbani alibadilisha rami, akabadilisha pawa saplai, akapuliza vumbi kwenye feni, akaipaka prosesa dawa mpya ya kupozea, vyote ndani ya dakika ishirini, akafunga kasha na kulirudisha kwenye rafu ya chini ya meza.

"Imepona," alitangaza, akavuta kiti akaketi kando ya mkewe ili aione ikipona.

Baada ya robo saa skrini ikawa nyeusi. Kisha nembo ikachomoza, na mashine ikaanza upya, kama mtu aliyezinduka na hamjui yeyote chumbani.

"Imepona kabisa," alisema shemeji yake, mdogo wa mke, msusi, aliyekuwa anaishi nao na ambaye kazi yake ya pili ilikuwa kumtania. "Ilikuwa inapumzisha macho tu."

"Shem, kasuke watu."

Jumanne akalaumu umeme, ingawa taa juu ya kichwa chake haikupepesa hata mara moja. Akaleta waya mpya. Imepona. Haikupona. Jumatano usiku, akitoka kwa mteja, akaleta diski nyingine, akawa anazunguka sebule, anafungua dirisha, anafunga dirisha, anaketi, anainuka. Imepona, alisema, lakini safari hii kwa sauti ya chini, na mashine ikazimika akiwa bado kwenye silabi ya mwisho.

Mkewe hakupiga kelele. Tangu jioni ya Jumatatu alikuwa akifanya alichofanya miaka kumi na mmoja: alifungua daftari na kupiga mistari. Siku. Saa. Dalili. Na safu ya nne, ambayo fomu za hospitali hazikosi: Waliokuwepo.

Alhamisi saa kumi na moja jioni, fundi aliporudi, alimkuta na daftari mapajani.

"Kaa nikusomee."

"Soma, nasikia nikiwa nimesimama."

"Tangu Jumatatu imezimika mara kumi na nne. Asubuhi, nikiwa peke yangu, sifuri. Mchana, nikiwa na mdogo wangu, sifuri. Jana ulipochelewa kwa mteja, nimechapa saa mbili na nusu, sifuri. Mara zote kumi na nne, safu ya nne ina mtu mmoja ambaye hakosi."

Fundi alitazama dari. "Kwa hiyo mimi ni virusi."

"Sisi familia hatukutaka kusema," shemeji alidakia.

"Kaa hapa," mkewe alirudia, na safari hii akakaa. Mke akaanza kuchapa. Dakika ya nane, akihisi meza inatikisika chini ya vidole, akainama, akachungulia chini ya meza, akabaki huko muda. Goti la kulia lilikuwa linapiga ubavu wa meza, meza inatikisa rafu, na rafu imebeba kasha. Akaweka kiganja juu ya goti, akalituliza kama anavyotulizwa mtoto. Nusu saa, hakuna lililotokea. Akaondoa kiganja. Tu-tu-tu-tu. Skrini ikawa nyeusi.

Msusi akainama naye kulitazama goti.

Fundi alikuwa ametumia siku nne akitafuta ugonjwa huku akiusababisha. Uso ulimshuka, kisha polepole ukapanda tena, kwa sababu jambo moja lilimgonga: mashine nzima haizimiki kwa kutikiswa. Kuna kitu ndani kimelegea, na goti linajua kilipo.

Ijumaa jioni alivua ubavu wa kasha, akaketi, akaliachia goti kazi yake ya asili, na kwa ncha ya mwiko wa mbao wa jikoni akawa anashikilia waya mmoja mmoja. Kimoja, ngoja, tazama. Kazi hiyo ilichukua saa nzima na ilimtesa kuliko upasuaji wa jino. Mwiko ulipofika kwenye jozi ya nyaya nyembamba zinazotoka kwenye kile kitufe kidogo cha kuwashia upya, mashine ilitulia. Alipouondoa, ikazimika. Ukingo wa mfuniko ulikuwa umezibana nyaya zile na kukata ngozi yake ya plastiki. Shaba tupu ilikuwa inagusa bati kila meza ilipotikisika, na mashine inaelewa kwamba mtu amebonyeza kitufe.

"Panya," alisema haraka.

Mkewe alishika kalamu. "Panya gani anafunga mfuniko kwa skrubu?"

"Niliufunga mimi. Mwaka juzi. Mteja alikuwa kwenye simu."

Mke akaandika. Fundi akafunga mkanda wa plastiki kwenye shaba, akachomoa kabisa plagi ndogo ya kitufe kile, ambacho hakuna aliyewahi kukitumia, akarudisha mfuniko kwa utaratibu wa mtu anayefunika maiti ya mkubwa wake. Hakusema imepona.

Jumamosi, saa nne kasoro dakika tano, alikuwa mlangoni amevaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Nje kidogo. Nikupe nafasi."

"Ukitoka nitajua hujaiamini kazi yako, na vidole vyangu vitatetemeka. Kaa kiti kilekile."

Akakaa. Saa ya kwenye skrini ikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Sauti ya daktari ilinong'ona kwenye spika za masikioni, vidole vya mkewe vikakimbia, na Cherehani akasubiri goti lianze. Halikuanza. Lilikuwa zito kama la mtu mwingine. Dakika ya ishirini mgongo ulimwasha, ya arobaini jasho likamshuka, ya hamsini shemeji akachungulia mlangoni, akamwona amekaa bila kutikisika, akarudi nyuma kwa heshima.

Saa tano kamili mkewe alibonyeza kitufe cha mwisho. Maandishi yakatokea: Tumepokea kazi yako.

Alivua spika, akapumua. Hapo ndipo goti, kama lililofunguliwa kamba, likaanza: tu-tu-tu-tu. Wote wawili wakageukia skrini. Meza ikatetemeka, kalamu ikabingirika mpaka ukingoni, ikaanguka. Mashine ikaendelea kunguruma.

Mkewe aliokota kalamu, akafungua daftari. Saa tano na dakika mbili, akaandika. Dalili: hakuna. Waliokuwepo: mume, na goti lake.